Muulize Fundi: Mtoto kasema maji safi hayapitishi umeme, shemegi kaitia betri chumvi

Assalaam alaykum Fundi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Pemba upande wa Wete. Baba watoto yuko Maskati kikazi. Nyumbani tupo mimi, watoto na shemegi yangu, mdogo wake mume wangu. Mwaka juzi nilitoa fedha zangu za mwani, nikaongeza na za upatu, tukanunua betri sita za N70 na paneli za sola. Tunawakodisha wavuvi wa dagaa kwa ajili ya taa zao. Jioni wanachukua, alfajiri wanarudisha, mchana tunachaji. Fedha ni zangu, kazi ya mikono ni ya shemegi, faida tunagawana.

Mwaka huu betri zimekuwa dhaifu. Wavuvi wanarudi na maneno, ati taa zinafifia hata saa nane ya usiku haijafika. Maji nayo yanakauka upesi mno, kila wiki shemegi anaongeza maji ya betri anayonunua duka la vipuri mjini. Mbaamwezi ikiingia hawendi baharini, basi betri zinakaa pembeni kama zilivyorudi mpaka giza lirejee.

Mwanangu mkubwa yuko Fomu Three. Siku moja karudi skuli anatusimulia kwamba mwalimu wao katumbukiza misumari miwili ndani ya gilasi ya maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena, kaunga waya, betri na balbu ndogo. Balbu haikuwaka. Kisha katia chumvi akakoroga, ikawaka. Shemegi alikuwa anakula, tonge likabaki mkononi. Akasema, "Kumbe! Tunatia maji yasiyopitisha umeme ndani ya kitu cha umeme, halafu tunashangaa betri hazina nguvu."

Siku ya pili yake nilikwenda arusini Chake Chake. Narudi magharibi, chumba cha kuchajia kina harufu kali inawasha macho, kama ile klorini wanayotia visimani wakati wa kipindupindu. Shemegi kachukua betri mbili, kila tundu kijiko cha chai cha chumvi, kisha kazichaji. Ananiambia, "Tazama zinavyochemka, ndiyo zinashika." Baada ya siku tatu hazikuweza kuwasha hata taa ya chooni.

Sasa nyumba haina raha. Shemegi anasema kosa la mtoto kwa kuleta elimu nusu, na kosa la muuza duka kwa kutuuzia maji mafu. Anataka twende kwa sheha tukamdai betri mbili. Mtoto kasema fizikia haitaki tena. Mume wangu ananiambia kwa simu nisimvunjie nduguye heshima. Fundi, maji safi yanapitisha umeme au hayapitishi? Kama hayapitishi, tunayatia ya nini kwenye betri? Betri zile mbili zitafufuka? Na kwa sheha niende?

Mama wa Wete

*

Waalaykum salaam, dada yangu. Pole kwa betri, na pole zaidi kwa hiyo kelele ya nyumbani.

Nianze na mtoto, maana ndiye aliyetwikwa mzigo usio wake. Alichokiona skuli ni kweli tupu, wala si elimu nusu. Umeme ukipita ndani ya maji haubebwi na maji yenyewe, unabebwa na vitu vilivyoyeyuka humo na kupasuka kuwa chembe zenye chaji, ambazo wenye kusoma huziita ioni. Chumvi ya jikoni ikiyeyuka inakuwa ioni za sodiamu na ioni za kloridi. Hizo ndizo zinazokwenda huku na huku baina ya misumari ile miwili, na balbu inawaka. Maji yaliyokenekwa karibu hayana wabebaji.

Nasema karibu kwa sababu sifuri haipo. Mwaka 1894 Wajerumani wawili, Kohlrausch na Heydweiller, waliyakeneka maji tena na tena ndani ya chombo kilichotolewa hewa, wakayapima, na bado yalipitisha umeme kidogo sana. Sababu ni kwamba maji hujipasua yenyewe. Katika kila molekuli milioni 550 hivi, moja inakuwa imegawanyika. Balbu ya mwalimu haiwezi kuuona umeme mdogo kiasi hicho, inahitaji kipimo maalumu.

Kipimo chenyewe husomwa kwa mikrosimensi kwa sentimita, na nikupe tarakimu zake kwa sababu ndizo zitakazomaliza ugomvi wenu. Maji safi kabisa, katika nyuzi joto 25, ni 0.055. Maji ya betri mazuri ya dukani huwa moja mbili hivi, pengine tano, kwa kuwa maji yakikutana na hewa tu hunywa kaboni dioksaidi na kupata ioni za kwake. Kisima cha kwetu kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe huanzia mamia, na karibu na pwani hupita elfu. Bahari yenyewe ni kama 50,000. Sasa tindikali iliyomo ndani ya betri iliyojaa chaji ni karibu 800,000.

Umeona? Shemegi alibeba kijiko cha chumvi akaenda kukisaidia kitu ambacho tayari kinapitisha umeme zaidi ya mara kumi na tano kuliko bahari ya Mkoani. Betri zenu hazikuwa na upungufu wa kupitisha umeme hata siku moja.

Na hapa ndipo swali lako la pili linapojibika. Betri ya aina hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo misingi yake ni ile ile: pleti za risasi, pleti za oksaidi ya risasi, na katikati tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Kwa uzito, tindikali ni theluthi hivi, maji ni theluthi mbili. Ioni za tindikali ndizo wabebaji. Maji ni mahali pa kuyeyukia na pa kutembelea, na yenyewe yanashiriki kazi, kwani betri ikitumika tindikali inaingia kwenye pleti na maji yanaongezeka. Ikichajiwa tindikali inatoka kwenye pleti na kurudi. Ndiyo maana fundi mwenye haidromita, kipimo cha uzito wa majimaji ukilinganishwa na maji safi ambayo ni 1, anaweza kujua hali ya betri kwa uzito wa maji yake tu. Iliyojaa husoma kama 1.25 mpaka 1.28, iliyoisha hushuka hadi 1.15 na chini yake.

Sasa kinachokauka ni nini? Ukiendelea kuchaji betri iliyokwisha kujaa, umeme hauna tena pa kuwekwa, unaanza kuyavunja maji kuwa gesi ya haidrojeni na oksijeni. Huko ndiko kuchemka mnakokuona. Gesi inatoka kwenye matundu, tindikali inabaki. Kwa hiyo unarudisha kile kilichotoka, yaani maji peke yake. Huongezi tindikali, huongezi chumvi, huongezi chochote.

Usafi wake ndio wenye maana hapo. Kila unachokitia pamoja na maji hakitoki tena. Ni kama mchuzi wa papa ulioachwa mekoni: maji yanapanda hewani, chumvi inabaki sufuriani, na kila ukiongeza maji ya chumvi ndivyo unavyozidi kutolika. Ukitia maji ya kisima mwaka mzima, betri inakuwa na chokaa, kloridi na chuma cha visima vyote vya mwaka ule. Chuma ni kibaya kwa namna yake: kinatoka pleti moja kwenda nyengine kikibeba chaji, na betri inajimaliza yenyewe usiku kucha hata kama haikuungwa na kitu. Kwa hiyo ndoo ya bati iliyoota kutu nayo isikaribie.

Nyinyi wa Pemba ukenekaji mnaujua kuliko wengi, kwa sababu ya kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, pale Chake Chake. Mvuke unapita kwenye makonyo, unapanda na mafuta, unapozwa, unakuwa majimaji upya, na kila kisichopanda na mvuke kinabaki chini. Maji ya betri hupatikana kwa njia hiyo hiyo bila makonyo, au kwa mashine za kuchuja ioni. (Msije mkaenda kuomba maji yanayobaki kiwandani. Yale yana mafuta ya karafuu ndani yake.) Kuchemsha kwenye sufuria si kukeneka. Ukichemsha unaua vijidudu, lakini chumvi yote inabaki, tena kwenye maji machache zaidi.

Wasomaji wengi huniuliza kuhusu maji mengine, basi nipite haraka. Maji ya kunywa ya chupa, hapana. Soma karatasi yake utaona sodiamu na kalsiamu zimeandikwa. Maji yanayotiririka kwenye kiyoyozi yamepita juu ya shaba, alumini na vumbi, yaache. Barafu ya friza ikiyeyuka ni afadhali, lakini friza ipi kwetu haina samaki? Mvua iliyokingwa wazi kwenye beseni safi la plastiki, baada ya kunyesha kwa muda mrefu na mbali na pwani, inaweza kukusitiri siku ya shida. Mvua ya paa la bati, hapana.

Turudi kwenye kile chumba chenye harufu. Pua yako ilikuambia kweli, ilikuwa ni klorini yenyewe. Kijiko cha chai cha chumvi ni gramu tano sita, na ndani yake kloridi ni gramu tatu hivi, kwenye seli, yaani chumba kimoja cha betri chini ya kila tundu, isiyofika hata lita moja. Maji ya betri yanayokubalika hupimwa kloridi kwa miligramu chache, siyo kwa gramu. Ukichaji hali iko hivyo, kwenye pleti ya chanya kloridi inageuka gesi ya klorini, na inayobaki inaila risasi inayoshikilia pleti. Shemegi aliona povu akadhani ni uhai.

Klorini huunguza mapafu. Haidrojeni nayo hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na cheche ya waya inatosha, seuze sigara au kibatari. Kwa hiyo chumba cha kuchajia kiwe na dirisha lililo wazi juu na chini, na asilale mtu humo.

Betri mbili zile hazifufuki, dada. Lau chumvi ingegunduliwa dakika ile ile kabla ya chaji, mtu mwenye ujuzi angeweza kumwaga tindikali yote, kusuuza kwa maji ya betri mara kadhaa na kutia tindikali mpya ya uzito ule ule. Hata hapo singeahidi. Baada ya kuchajiwa na kukaa siku tatu, pleti zimekwisha liwa. Usimlipe mtu fedha akakudanganya kwamba atazisafisha. Ziuze kwa wanunuzi wa betri chakavu zikiwa nzima, na maji yake ndani. Msizimwage uani, ardhi yetu ya matumbawe inavuja na kisima kiko hapo hapo. Na akija mvuvi kutaka risasi ya kuyeyushia chubwi za nyavu, mkatalie kabisa. Moshi na vumbi la risasi huharibu akili za watoto, na hauna dawa ya kurudisha.

Ila nne zilizobaki ndizo zenye mazungumzo, kwa sababu hata bila chumvi zilikuwa njiani kufa. Barua yako imeeleza sababu tatu bila mwenyewe kujua.

Ya kwanza ni huko kukauka kila wiki. Hiyo si tabia ya betri, ni chaji inayozidi. Kila ampea-saa 1 ya ziada, yaani umeme wa ampea moja kwa saa moja, inavunja theluthi moja ya gramu ya maji katika kila seli, yaani gramu mbili kwa betri nzima. Ukiona unaongeza nusu lita, jua umechaji ampea-saa 250 za bure. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufika volti 21 au 22 jua likiwa kali, na betri haipaswi kupita 14.4 hivi. Nahisi shemegi ameunga paneli moja kwa moja kwenye betri, au kidhibiti chaji kimekufa siku nyingi na hakuna aliyekitazama. Nunueni kipya kabla ya kununua tone jengine la maji.

Ya pili ni kutumia mpaka taa ififie. N70 ni betri ya gari. Imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache na kurudishiwa chaji papo hapo, si kumulika dagaa usiku kucha hadi ikauke. Pleti zake nyembamba. Waambieni wavuvi wakate taa mita ikisoma volti 12, au mtie kikatio cha kujizima. Mkinunua nyengine, tafuteni za sola zenye pleti nene, hata kama mtaanza na moja.

Ya tatu ndiyo ninayoishuku kuliko zote, nayo ni mbaamwezi. Betri inarudi alfajiri haina kitu, mwezi unang'aa, hakuna safari, inawekwa pembeni wiki nzima na zaidi. Betri iliyokaa bila chaji, salfeti iliyoganda kwenye pleti, yaani ile tindikali iliyoingia ikashikana na risasi, inakuwa fuwele ngumu, na chaji ya kawaida haiivunji tena. Seli inabaki na nafasi ndogo, inajaa upesi, inachemka upesi, inaisha upesi. Hapo ndipo mkaona maji hayana nguvu. Siku ya mwisho ya giza kila betri ichajiwe mpaka ijae ndipo ipumzike, na iguswe kwa chaji fupi kila baada ya wiki mbili. Kwa zilizokwisha ganda, jaribuni chaji ya ampea ndogo, mbili tatu, kwa siku moja na zaidi, huku mkipima haidromita. Seli isiyopanda pamoja na wenzake imekufa.

Maji yaongezwe baada ya chaji, mpaka sentimita moja juu ya pleti. Ukijaza kabla, yatafurika na kumwaga tindikali, na mkiongeza maji tena mnakuwa mmeidhoofisha. Ikiwa pleti ziko wazi kabla ya chaji, zifunikeni kidogo tu. Glavu na miwani mkononi na machoni, na magadi soda karibu ya kunyunyizia panapomwagika.

Kwa sheha usiende, angalau si kabla ya kufanya hivi. Kanunue chupa moja ya maji yale yale, haijafunguliwa. Chukua vioo viwili safi vikavu. Kimoja weka vijiko viwili vya maji ya dukani, cha pili vijiko viwili vya maji ya kisima chenu, vianike juani vikiwa vimefunikwa kwa chandarua vumbi lisiingie. Vikikauka mwite shemegi avitazame mwenyewe. Cha kisima kitakuwa na duara jeupe la chokaa na chumvi. Cha dukani kikiwa kitupu, muuza duka hana kosa, alikuuzieni kile hasa mlichohitaji, na mkimpeleka kwa sheha mtamkosea mtu wa watu. Kikiwa na duara, hapo mna la kuzungumza naye. Lakini hata hivyo atakuuliza chumvi aliitia nani.

Kuhusu kumvunjia heshima ndugu wa mume: kumwambia kweli mbele ya watoto na jirani ndiko kumvunjia. Mwite faragha, umpigie baba watoto simu akiwa anasikia, umuulize shemegi mambo mawili tu, nani alifungua vifuniko na nani aliulizwa kabla. Huna haja ya kupandisha sauti. Fedha ni zako, betri ni zako, na katika ushirika kama huu anayefanya kazi hatozwi kwa kuharibika kwa kawaida, ila anawajibika akifanya jambo lisilo desturi ya kazi bila kumuuliza mwenye mali. Chumvi si desturi ya kazi. Ningekuwa mimi, gharama ya betri moja ningeikata polepole kwenye fungu lake la faida, ya pili ningeichukua mwenyewe kwa kuwa zile betri, kama nilivyosema, zilikuwa tayari mahututi. Kama mnataka hukumu ya kisharia, muulizeni sheikh wenu, mimi ni fundi tu.

Na kijana arudi kwenye fizikia yake. Mwambie hakukosea neno, ila aongeze moja la tahadhari: maji yasiyopitisha umeme yamo kwenye chupa ya maabara peke yake. Yakiguswa na mkono wenye jasho tu yamekwisha pata chumvi, kwa hiyo swichi asiishike na mikono mibichi hata siku moja. Kisha mnunulie haidromita, ile ya kioo yenye mpira juu, inapatikana maduka ya vipuri. Mpe daftari, apime seli zote 24 za betri zilizobaki kila Ijumaa asubuhi na kuandika, na shemegi asitie kitu chochote ndani ya tundu lolote kabla daftari halijafunguliwa. Mlipe kidogo kwa kazi hiyo.